Ngamia wa Mishale, Mwaka wa Harani

Siku ya 11 baada ya Nairuzi

Varaz mpiga ngoma kanipa mabaki ya ngozi alizowambia ngoma zake, na mimi nimeona yanafaa kuandikiwa. Zamani mke wangu Rozan alikuwa akiniuliza kila jioni, "Haya, leo umeona nini?" Na ole wangu nikimjibu sijaona kitu. Sasa ana miaka sita kaburini, lakini jioni ikifika bado ulimi unaniwasha.

Basi leo nimeona hivi. Jeshi lote la kwetu Sakastan limepiga kambi kwenye nchi ya kati ya mito miwili. Mfalme kachukua askari wote wa miguu kaenda nao milima ya Armenia, na sisi tumeachwa hapa pamoja na bwana wetu, jemadari wa Sakastan, wapanda farasi elfu kumi, tuwazuie Warumi wakivuka mto Frati. Mimi nina ngamia arobaini. Kazi yao ni kubeba mishale na kazi yangu ni kuwabembeleza. Majani bado mabichi, wanashiba.

Siku ya 12

Mvua ndogo. Matandiko yamelowa.

Siku ya 15

Nimemwona Tirdad mtoni akinywesha farasi wake. Kanyoa ndevu za pembeni, anaonekana mzee. Ni akida wa wapiga mishale mia moja, wote watu wa ziwani kwetu. Ni kaka yake Rozan, na hajanisemesha tangu siku tulipomfukia.

Mwaka ule nilipopewa kazi ya ngamia huku magharibi, Rozan alikuja nami. Homa ikamchukua njiani, siku tatu tu, mahali pasipo na mti wala maji. Tirdad alipotufikia na jeshi lililokuja nyuma, alisimama juu ya kaburi akaniambia, "Umemtoa dada yangu majini ukaja kumwua vumbini." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Lakini jeshi ni dogo na hatuwezi kukwepana, kwa hiyo tukiwa na jambo la kuambizana tunamtumia Varaz.

Leo Tirdad alisema, macho yake yakiwa kwenye maji, "Varaz, mwambie huyo mwenye ngamia wanyama wake wanachafua maji ya farasi."

"Varaz," nikasema, "mwambie shemeji yangu farasi wake ndio walioanza."

Varaz alikuwa amekaa katikati yetu, miguu yake ndani ya mto. "Mimi ni mpiga ngoma," akasema. "Si tarishi. Na nyie wote mnanuka."

Siku ya 16

Upepo.

Siku ya 23

Tumeletewa mkubwa mpya wa ngamia wote wa mishale. Jina lake Bagfarn, mtoto wa watu wakubwa, umri hauzidi miaka ishirini na mitano. Kapaka wanja, nywele kazisuka, mikono ya joho lake ina taraza, nakshi ya nyuzi, hadi viganjani. Alipofika kwenye msafara wangu, Bikizee, ngamia jike anayewaongoza wenzake, akamtemea mate begani.

Bagfarn akatoa kitambaa, akajifuta taratibu. "Huyu anaitwa nani?"

"Bikizee, bwana."

"Nina shangazi yuko hivi hivi," akasema, kisha akaenda zake.

Watu walicheka hadi jua likatua. Mimi sikucheka. Nilifikiri, hema kubwa la bwana wetu limekwisha tudharau kabisa. Wangetuthamini wasingetuletea maua.

Siku ya 31

Habari zimefika. Warumi wamevuka Frati. Elfu arobaini, anasema mpelelezi, na wengi ni wa miguu, wenye ngao kubwa kama milango.

"Elfu arobaini," akasema Varaz. "Kila mmoja wetu ana wanne. Mimi nitawachukua wangu wafupi."

Hakuna aliyecheka sana.

Siku ya 38

Leo tulifanya mazoezi, na leo tuliaibika.

Bagfarn kaja na wazo kwamba ngamia wasikae nyuma na mizigo mingine, mwendo wa saa nzima kutoka vitani. Wasogee karibu, nyuma ya kilima kimoja tu. Podo moja ina mishale thelathini. Mpiga mishale hodari anaimaliza kabla chungu cha uji hakijachemka. Baada ya hapo yeye ni mtu tu juu ya farasi. "Warumi watajikunyata chini ya ngao zao wasubiri tuishiwe," alituambia. "Kila aliyepigana na watu kama sisi amesubiri hivyo. Safari hii wasubiri mpaka wachoke."

Nilikiri moyoni kwamba maneno yalikuwa na akili. Lakini kutenda ni kitu kingine. Tuliwalaza ngamia chini, mishale ikiwa ndani ya shogi, mifuko ya mizigo mgongoni mwao. Mia ya Tirdad ikaja mbio, vumbi juu, kila mtu akitaka kushuka, kufungua, kuchota, kupanda. Farasi wakaogopa harufu ya ngamia. Ngamia kumi wakainuka bila kuambiwa. Kamba zikajinyonga. Mtu mmoja kavunjika kidole. Mishale ilimwagika ikakanyagwa, na lau Warumi wangekuwepo tungekuwa tumekwisha kuzikwa.

Tirdad akanijia na farasi wake hadi nikahisi pumzi yake usoni. Farasi namaanisha.

"Wewe! Umejaza njia kwa mifupa yako yenye nundu! Unadhani hapa gulioni?"

Nilishtuka, si kwa tusi. "Unasema na mimi?"

Akageuza shingo kumtafuta Varaz amtume. Varaz alikuwa mbali kilimani na ngoma zake. Ikambidi amalizie mwenyewe.

"Nasema na wewe, ndiyo. Watu wangu watakufa wakisubiri ufungue mafundo yako."

"Na watu wako wanakuja kama nzige. Nani kakwambia ngamia anapenda nzige?"

"Nyie wazee," akasema Bagfarn nyuma yetu, "mnagombana kama mawifi. Kesho asubuhi mje kwangu wote wawili. Msipokuja na njia, nitawafunga kamba moja mguuni mpaka mwipate."

Miaka sita, na neno la kwanza ni "wewe". Nimelikumbuka siku nzima. Hata leo jioni bado lipo.

Siku ya 39

Tumeipata njia, na aliyetupa ni Rozan.

Tulikuwa tumekaa mbele ya hema la Bagfarn, kila mmoja akiangalia upande wake. Tirdad alikuwa akichora chini kwa kijiti. Akasema, kama anasema na kijiti, "Alikuwa akifunga bata."

Nikajua anamsema nani. Kule ziwani Rozan alisimama juu ya chelezo chake cha matete wakati wa uwindaji, bata kumi kumi wamefungwa miguu, wananing'inia pembeni. Wenye vyelezo vingine walipita kwa kasi, wananyosha mkono, wanavuta mara moja, fungu lote linachomoka. Hakuna aliyesimama. Ukivuta kushoto linaachia. Ukivuta kulia linakaza.

"Fundo la kitanzi," nikasema.

"Unalikumbuka?"

"Alinifundisha. Alinipiga viganja kila nilipokosea."

"Mimi alinipiga kichwani," akasema Tirdad. Na midomo yake ikafanya kitu ambacho sijakiona tangu zamani, ikaacha.

Basi tukafanya hivyo. Mishale tunaifunga matita ya thelathini thelathini, podo moja kwa tita moja. Matita yananing'inia pembeni mwa ngamia, vigumba chini, manyoya juu. Ngamia wanasimama kwa mstari, nafasi kubwa kati yao. Mpanda farasi anapita kushoto mwa ngamia bila kusimama, anavuta, anaendelea mbele, anazunguka, anarudi vitani. Tuliwajaribu watu ishirini. Kumi na saba walipata. Jioni wakapata wote.

Bagfarn alivua joho lake lenye taraza akasimama juani kutwa nzima akiangalia. Wanja umemtiririka. Hakuondoka hata kunywa maji.

Siku ya 40

Tumefunga matita.

Siku ya 41

Tumefunga matita. Joto.

Siku ya 47

Joto. Vidole vimechubuka kwa kamba. Majani yamegeuka rangi ya mkate.

Siku ya 60

Leo hapakuwa na upepo wala kazi, na watu wa ziwani walikuja kukaa kivulini mwa ngamia wangu, kwa sababu ni kivuli pekee kilichopo. Tirdad pia. Bado hatuzungumzi sana, lakini hatumtumi Varaz tena, na nadhani Varaz anaona uchungu kidogo.

Mmoja akauliza, "Nyumbani saa hizi wanafanya nini?" Basi tena. Kila mtu akaanza. Huyu anasema matikiti yanakaribia kuiva. Yule anasema upepo mkubwa umekwisha anza, ule wa siku mia na ishirini, unaotia mchanga hata ndani ya mayai. Tulikuwa tukiulaani upepo ule. Leo mtu mzima mwenye makovu kifuani alisema, "Ningetoa farasi wangu nitiwe mchanga mdomoni siku moja," na hakuna aliyemwona mjinga.

Mimi nilikumbuka mwaka nilipokuwa bado mpiga mishale, kabla sijaanguka nikavunja bega. Tulikuwa watatu, mimi na Tirdad na Rozan, tumelala juu ya chelezo kimoja katikati ya matete, miguu ndani ya maji. Hatukuwa na kazi yoyote. Tirdad alikuwa akijisifu jinsi atakavyokuwa akida. Rozan akamwambia, "Kaka, ukiwa akida utakuwa na tumbo." Akamsukuma majini. Nilimwoa msimu uliofuata. Nikiulizwa siku gani nilikuwa tajiri, nitasema siku ile, na sikuwa hata na viatu.

Nilimtazama Tirdad. Alikuwa akitazama miguu yake. Tumbo hana.

Siku ya 71

Warumi wameuacha mto, wanakata nchi kavu kuelekea mji wa Harani. Hakuna anayejua kwa nini. Mto ungewapa maji na ungewalinda ubavu. Bagfarn alipotuambia alirudia mara mbili, kama mtu anayehofia kaambiwa uongo.

Siku ya 79

Kesho. Wote tunajua.

Tirdad alikuja asubuhi kukagua mafundo, moja baada ya jingine, ngamia arobaini, pande zote mbili. Alikuta moja limefungwa vibaya. Akalifungua, akalifunga upya.

"Hilo ningepigwa viganja," nikasema.

"Shemeji," akasema. Akakaza fundo. "Kesho usiondoke hapa utakapowekwa. Hata ukiona nini. Tukirudi tukakuta hupo, tumekwisha."

"Siondoki."

"Hata ukiona nini."

"Nimesikia, Tirdad."

Siku ya 82

Vita vilikuwa juzi, na jana sikuandika. Leo nitajaribu.

Tulikuwa nyuma ya kilima kidogo, upande wa jua linakotoka. Nilipopanda juu kidogo niliwaona. Sijawahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja. Walikuwa wamejipanga mraba, ngao kwa ngao, wakitembea kama mji unaohama. Sisi tulionekana wachache na maskini, maana wapanda farasi wetu elfu moja wenye deraya za chuma walikuwa wamejifunika ngozi na majoho yaliyochakaa.

Kisha Varaz na wenzake wakaanza. Zile ngoma zao kubwa zina njuga za shaba ndani yake, na zilipigwa zote kwa pamoja kutoka pande zote za uwanda. Najua Varaz ni mtu anayekoroma na kuiba tende. Lakini sauti ile ilinipanda kutoka nyayoni, na mimi ni wa upande wake. Bikizee alitetemeka ngozi yote. Mji ule unaohama ukasimama. Wenye deraya wakatupa ngozi zao, na ghafla uwanda ukawaka chuma.

Wapiga mishale wakawazunguka. Sikuona mengi baada ya hapo, kwa sababu ya vumbi. Nilisikia kama mvua ya mawe juu ya paa la mbao, haikatiki.

Mia ya Tirdad ndiyo ya kwanza kurudi. Ilitoka vumbini kwa mstari, si kama nzige. Yeye mbele. "Shemeji! Kushoto!" alipiga kelele, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nikipita na yeye amesimama. Akanyosha mkono, akavuta, tita likachomoka. Wa pili akavuta. Wa tatu. Mia nzima ilipita kwa muda wa kumwaga maji kwenye mtungi. Mmoja tu aliangusha. Kabla vumbi lao halijatulia mia nyingine ikaja, kisha nyingine, na sisi tukiwa tunaning'iniza matita mapya kwenye ngamia waliokwisha kupokonywa.

Bagfarn alikuwa kati yetu, kifua wazi, amebeba matita mawili kila bega, anakimbia kama mchukuzi. Mstari wetu ulipopungukiwa alikwenda mwenyewe kuwaleta ngamia wa akiba. Alianguka, goti likatoka damu, akainuka. Nilikuwa nimemwita ua. Nalifuta neno hilo hapa.

Saa ya jua kali kabisa alipanda kilimani, akashuka. "Wametuona," akaniambia. "Wamewaona ngamia. Mzee Spandat, kuna kitu kimewatoka. Nimekiona kikiwatoka." Hakusema kwa furaha.

Baadaye wapanda farasi wao wakatoka kwenye mraba kutufukuza, wageni warefu wasio Warumi, wengi wao vifua wazi. Wetu walifanya kama kawaida, wakakimbia huku wakipiga nyuma, mpaka wakawavuta mbali na wenzao, kisha wenye deraya wakawapokea. Lakini wageni wale walikuwa mashujaa, sitasema vingine. Walishika mikuki yetu kwa mikono mitupu, wakawavuta watu chini. Wengine waliingia chini ya farasi wakawachoma tumboni.

Mia ya ziwani ikarudi. Nikaihesabu kwa macho, na mbele hakuwepo.

"Tirdad yuko wapi?"

Mtu akavuta tita lake, akapita. Nikamwuliza wa pili. "Kaanguka!" akasema, tayari ananipita. "Farasi wake kachomwa, kaangukiwa!"

"Hai?"

Alikuwa amekwisha kwenda.

Miguu yangu ilianza kutembea yenyewe. Nilifika mwisho wa mstari, nikaona uwanda mbele yangu, nikasimama pale. Ilikuwa mbali kama kutoka kwetu hadi matete ya kwanza. Ningeweza kufika. Mia nyingine ilikuwa inatoka vumbini, podo tupu zikipigapiga mapajani, na upande wangu ngamia sita hawakuwa na kitu.

Nilirudi nikaning'iniza matita. Nilifanya hivyo mchana wote. Fundo, kitanzi, vuta ujaribu. Fundo, kitanzi. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Tirdad kwa ile ahadi.

Jua liliposhuka mishale ikasimama, na Warumi hawakuwa mraba tena. Bagfarn alinishika mkono kabla sijamwomba ruhusa. "Nenda. Mimi nitakaa na Bikizee."

Nilimkuta amelalia mgongo, farasi wake juu ya miguu yake, amekufa, yeye hajafa. Midomo imepasuka kwa kiu.

"Uliondoka kwenye mstari?" akaniuliza.

"Sikuondoka."

"Vizuri," akasema, akazirai.

Siku ya 83

Warumi waliobaki wamekimbilia Harani, wakawaacha majeruhi wao. Hema kubwa limeshangilia. Watu wanasema jambo kama hili halijawahi kutokea, elfu kumi kuwavunja elfu arobaini, na kwamba litasimuliwa. Labda.

Kazi yangu leo ilikuwa kuokota mishale. Inayofaa inarudi kwenye shogi. Nilipita uwandani na watu wangu toka asubuhi. Kuna mishale iliyopenya ngao na mkono kwa pamoja. Kuna iliyopigilia mguu ardhini. Ilikuwa mishale tuliyoifunga sisi, mimi na watu wangu, siku ya 40, ya 41, ya 47, tukilalamika vidole. Mshale mmoja ambao manyoya yake niliyakata vibaya nikasema haidhuru, niliukuta kwenye shingo ya mtu aliyekuwa na mvi kama zangu.

Mmoja alikuwa hai. Akafungua mdomo. Nikampa maji. Alisema neno moja mara kadhaa, neno fupi, na halikuwa maji, kwa sababu maji alikuwa nayo. Nadhani lilikuwa jina la mahali. Mtu hutaja mahali kwa sauti ya namna yake. Niliisikia sauti hiyo siku ya 60, kivulini.

Nilirudi na shogi nne tu. Bagfarn hakuniuliza.

Siku ya 86

Mganga anasema nyonga ya Tirdad imesagika. Hatapanda farasi tena. Kutembea, labda kwa magongo. Nimekuwa nikimpelekea uji wa shayiri. Leo aliusukuma pembeni.

"Kaa," akasema. "Kuna kitu kilichooza humu ndani, na si nyonga."

Nikakaa.

"Rozan alikuja kwangu kabla hamjaondoka. Ulikuwa ukifunga mizigo. Akaniuliza, kaka, niende au nibaki? Alikuwa na hofu. Akasema, lakini nikibaki nitakufa sijaona kitu ila bata." Akageukia ukuta wa hema. "Nikamwambia nenda. Nilimsukuma kabisa. Nilimpa na blanketi langu, la sufu. Angenisikiliza kama ningesema baki. Alikuwa akinisikiliza mimi."

Nikatazama kijiko ndani ya uji.

"Nilipofika kaburini nikaliona blanketi lile juu ya tandiko lako. Ningesemaje? Ilikuwa wewe au mimi. Nikakuchagua wewe."

Niliinuka, nikatoka. Nilikwenda kwa ngamia, nikafunga na kufungua tandiko lile lile mara nne. Miaka sita nililala na neno la mtu huyu. Miaka sita kila nilipouona mchanga nilisema, ni mimi. Nilitaka kurudi nikamtandike, nyonga au hakuna nyonga.

Siku ya 87

Sikwenda kwake.

Siku ya 88

Sikwenda. Varaz kaja, kakaa bila kusema lolote, jambo ambalo si la kawaida. Mwishowe: "Anauliza kama uji umekwisha."

"Wewe si tarishi," nikamwambia.

"Siyo," akasema. "Lakini hali chakula cha mtu mwingine. Nimejaribu wangu, kasema unanuka ngoma."

Siku ya 89

Nimempelekea uji. Nilisimama mlangoni mwa hema nikamwambia, "Lile blanketi lilimpendeza. Alijifunika hata mchana. Aliuona mto wa kwanza, Tirdad, na wa pili. Alisimama ukingoni akacheka, akasema maji haya yana haraka ya kwenda wapi. Alikuwa na siku arobaini njiani kabla ya homa, na hakuna hata moja aliyosema anataka kurudi. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza."

Alijifunika uso kwa mkono. Nikaketi, nikamlisha, kijiko kwa kijiko, kama mtoto, na wala hakukataa.

Siku ya 97

Mateka wanapelekwa Margu, mwisho wa dunia upande wa mashariki. Msafara wangu uliwekwa kwenye orodha ya kwenda nao. Nikamwendea Bagfarn. Amepaka wanja tena, lakini goti bado lina kovu.

"Ngamia thelathini na tisa nitawapeleka mimi," akasema. "Bikizee mchukue. Hakuna mwingine anayemvumilia. Mpeleke shemeji yako kwao."

"Hema kubwa litauliza, bwana."

"Nitaliambia kwamba alinitemea mate."

Varaz analia waziwazi. Anasema ni vumbi.

Siku ya 118

Njiani. Nimemtengenezea Tirdad kitanda pembeni mwa Bikizee, na mawe upande wa pili kusawazisha. Anasema mawe yamepewa upande mzuri.

Siku ya 133

Kapata maumivu makali. Tulisimama.

Siku ya 134

Tulisimama.

Siku ya 151

Anazungumza habari za nyumbani kutwa. Nani kaolewa na nani, chelezo cha nani kilizama. Nusu ya watu anaowataja wamekufa, na wote wawili tunajua, lakini tunawaacha wafunge ndoa na wazamishe vyelezo.

Siku ya 178

Tumefika, na ziwa halipo.

Yaani lipo, limesogea. Mahali tulipokuwa tukifunga vyelezo ni udongo mkavu uliopasuka, na matete yamesimama rangi ya majivu. Nyumba zetu hazina paa. Kulikuwa na mwanamke anapepeta shayiri, sikumjua. Akatuuliza, "Mnatafuta nani?"

Tirdad akajitaja, akamtaja baba yake.

"Simjui," akasema. "Mwaka huu maji yamekuwa machache. Watu wameyafuata huko chini. Mwendo wa nusu siku."

Niliogopa kumtazama Tirdad. Siku themanini alikuwa amelala juu ya mbao akiota mahali hapa. Lakini alikuwa akicheka, mkono tumboni. "Mwaka ule nilipokwenda jeshini nilimwambia mama, usihame mpaka nirudi. Nikasahau kuliambia ziwa!" Akajifuta macho. "Twende huko chini, Spandat. Bado kuna jua."

Tulifika alasiri. Ni maji ya magotini, rangi ya uji wa shayiri, na bata ni wachache. Bikizee hakutaka kukanyaga tope. Nilimshusha Tirdad, nikambeba mgongoni kwa bega langu zima, nikaingia naye. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Nilipomlaza majini kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, miguu yake iliinuka yenyewe ikaelea.

Alishtuka. Akashika mkono wangu.

"Haiumi," akasema. "Shemeji, haiumi."

"Tulia basi."

"Haiumi kabisa."

Akafumba macho. Akaanza kunisimulia habari za Rozan alipokuwa mdogo, kabla sijamjua. Jinsi alivyokataa kuvaa viatu. Jinsi alivyokificha kifaranga cha bata ndani ya nguo yake mpaka kikalia mbele ya wageni. Mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, miaka yote ile niliyokuwa mume wake, na nilikuwa nimedhani kwamba yote yake niliyokuwa nayo ndiyo yote yaliyokuwepo.

Jua lilikuwa linakwenda zake. Mgongo uliniuma na vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Kila alipotaka kunyamaza nilimwambia, "Haya, na halafu?"